Vile niliacha kuandika namba ya toleo kwa mkono

Mi kazi yangu hapa Kampala ni mwongozo wa programu, yaani ule ukurasa mtu anaufungua akikwama. Programu yenyewe ni ya hesabu za SACCO na wateja wako kila mahali, Mbale, Gulu, Arua, na hawako kwenye toleo moja, kuna wenye 4.1, wengine 4.2, wachache wameshafika 4.3, maana kupandisha toleo kunakula bando na mtu anaogopa kugusa mashine ambayo leo inafanya kazi, siwalaumu kabisa. Kwa hiyo tunatunza matawi matatu ya msimbo kwa mpigo, yaani nakala tatu za programu, kila moja inarekebishwa peke yake, na kila tawi lina mwongozo wake.

Sasa mwaka jana akanipigia mama mmoja, keshia huko Arua, karibu kilomita 500 kutoka hapa. "Kijana yangu, hii kitabu yenu inasema kitu iko, na kwangu hapa haiko." Nikamwambia mama nitumie picha. Picha ikaja WhatsApp, ukurasa waliouprinti wakautia waya pembeni, na pale palipoandikwa "Imeongezwa kwenye toleo la 4.1" amezungushia kalamu ya bluu, pembeni ameandika kwa herufi kubwa WAPI? Alikuwa anatafuta kitufe cha kurudisha pesa iliyoingia akaunti isiyo yake. Akatafuta menyu zote, mwisho akarekebisha kwa mkono, na jioni hesabu za siku zikakataa kulingana, akakaa ofisini mpaka usiku kwa sababu ya mstari nilioandika mimi. Hiyo iliniuma sana.

Kumbe yeye alikuwa na 4.1.3, yaani marekebisho ya tatu ya 4.1. Kitufe kilianza kwenye tawi kuu, lile lililokuja kuwa 4.3, afu wateja wakakihitaji haraka tukakirudisha nyuma kwenye 4.2 na 4.1, na kwa 4.1 kilitoka kwenye 4.1.7. Mi nikaandika "4.1" basi, kama vile 4.1 ni kitu kimoja.

Na hapa ndipo watu wengi wanapotea, hata madevelopa wazuri. Ukiandika 4.3.0 peke yake unamdanganya mwenye 4.1.7, kitu anacho na we unamwambia hana. Ukiandika 4.1.7 peke yake, mwenye 4.2.0 ataona namba yake ni kubwa kuliko 4.1.7, atasema basi ninacho, na hana, kwa sababu 4.2.0 ilitoka kabla hatujarudisha, chake kiko 4.2.3. Namba kubwa si lazima iwe na kila kilichomo kwenye namba ndogo! Ukweli unahitaji namba zote tatu. Hata Node.js, programu maarufu ya madevelopa, kwenye mwongozo wao, kitu kikiwa kimerudishwa matawi ya nyuma, wanaorodhesha namba ya kila tawi. Sisi tunatumia Sphinx, programu ya kutengeneza kurasa za mwongozo, basi kwenye versionadded, yaani mstari wake wa kusema kitu kimeongezwa toleo gani, naweka 4.3.0 na maneno yanayofuata yanasema kiko pia kuanzia 4.2.3 na 4.1.7.

Kusafisha ya zamani kulinichukua wiki kadhaa. Nilianza na git tag --contains, amri ya Git, ile programu inayotunza historia ya msimbo, unaipa komiti, yaani badiliko moja lililohifadhiwa, inakwambia iko kwenye matoleo gani, ila ikanidanganya nusu, maana komiti ukiihamisha kwa cherry-pick, yaani kuinakili kwenye tawi jingine, inapata utambulisho mpya, kwa hiyo ile ya asili haionekani kabisa kwenye tawi la 4.1. Wenzangu waliotumia -x kwenye amri hiyo walikuwa wameacha mstari unaotaja komiti ya asili, hao Mungu awabariki, wengine hawakuacha kitu. Mwishowe nikaandika skripti fupi inapita kila tagi, ile alama ya toleo lililotoka, moja moja na git grep, amri ya kutafuta neno ndani ya msimbo, inatafuta jina la kitu chenyewe, tagi ya kwanza inayolionyesha kwenye kila tawi ndiyo jibu. Ni polepole, lakini inaangalia kilichomo kweli na sio kumbukumbu za watu.

Afu nikabadilisha namna ya kuandika. Siku unayoandika kitu hujui kitatoka kwenye toleo lipi, unakisia tu, na ratiba ikisogea kisio linabaki pale miaka. Python, lugha ya programu, wanaandika neno "next" na linageuzwa kuwa namba wakati wa kutoa toleo, Node.js wanaandika REPLACEME, sisi tukachagua "ijayo". Siku ya kutoa, skripti ya tawi hilo inabadilisha "ijayo" kuwa namba halisi, na kama neno limebaki popote toleo halitoki. Sehemu moja bado ni ya mkono, 4.1.7 ikishatoka lazima mtu aipeleke hiyo namba kwenye mwongozo wa matawi ya juu, na huyo mtu ni mimi, naifanya siku hiyohiyo kabla sijatoka ofisini.

Kuna mtego mwingine niliugundua baadaye. Kitu kikiwa kimeshatoka kwenye 4.3.0 ndio ukirudishe 4.1, mstari unakuja na namba iliyokwisha kuandikwa, na mwongozo wa 4.1.9 unamwambia msomaji kwamba anachokiangalia kimeongezwa 4.3.0, sasa huyo mtu afikirie nini? Nikaongeza ukaguzi mmoja, kwenye tawi la 4.1 namba ya kwanza ya mstari wowote isiwe juu ya tawi lenyewe, ikiwa juu kazi inakataliwa. Ni mistari kama kumi tu ya msimbo, na wiki ya kwanza ulikamata makosa mawili, moja langu.

Kurasa mpya tulizituma Arua. Juzi yule mama amepiga tena, nikashtuka, kumbe anauliza tu: "Hapa inasema 4.1.7, mimi niko na 4.1.9, sasa niko nayo ama?" Uko nayo, mama, angalia chini ya Miamala. Nikasikia anabonyeza, kimya kidogo, afu akasema "eeh, hii hapa," akakata simu akaendelea na foleni yake.