Ndoano ya tela kwenye pikipiki ya theluji: kumbukumbu ya mradi

Mashine ni ya watu wawili, mkanda wake (unaozunguka chini na kuisukuma juu ya theluji) una urefu wa inchi 137, na haikutoka kiwandani ikiwa na sehemu ya kufungia tela. Inatakiwa ivute sleji ya plastiki, yaani tela lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya theluji, hadi katikati ya Ziwa Mille Lacs, Minnesota, Marekani, kwenda kuvua samaki aitwaye walleye kupitia matundu ya barafu. Mzigo wenyewe ni hema la kukunja (kama kilo 45), mtungi wa gesi wa ratili 20 (ukijaa una kilo 17 hivi), mashine ya kutobolea barafu, hita na ndoo za vifaa. Jumla inakaribia kilo 110.

Oktoba: mahali pa kufunga

Wengi hufunga ndoano kwenye bampa ya nyuma kwa sababu ndiyo inayoonekana. Bampa ni bomba jembamba la kushikia unapoinua mashine iliyokwama, na mzigo ukiigutua mara kwa mara hupinda, kisha ribiti zake hulegea. Nguvu lazima ifike kwenye bamba la alumini lililokunjwa juu ya mkanda, ambalo ndilo uti wa mgongo wa mashine nzima upande wa nyuma.

Kipande cha kushikia ndoano kimekatwa kutoka bamba la chuma la mm 6 na kukunjwa umbo la L. Kimefungwa kwa bolti nne za M8 (unene mm 8) daraja 8.8 (chuma kigumu), na mikono miwili inatoka kwenye kipande hicho hadi ubavuni, kushoto na kulia, ili ndoano isipinduke mzigo unapovuta kwa upande kwenye kona. Ndani, upande wa mkanda, kuna bamba la alumini la mm 5 la kutandaza nguvu. Bila bamba hilo, bolti huchana alumini nyembamba na matundu hugeuka kuwa na umbo la yai.

Novemba: kutoboa

Hapa ndipo mashine nyingi huharibiwa. Chini ya alumini hiyo hupita rejeta inayopozwa na theluji inayorushwa na mkanda, na kwenye mashine nyingine hufika hadi nyuma kabisa. Ukiitoboa, maji ya kupozea injini yanamwagika na rejeta ni ya kubadilishwa. Basi lala chini na tochi, fuata rejeta yote hadi mwisho wake, weka alama kwa juu, kisha pima tena. Ncha ya drili izungushiwe tepu kuonyesha kina, na uanze na tundu la mm 3 kabla ya kufika mm 8.

Vichwa vya bolti vikae ndani, vya mviringo na vifupi, nati zikae nje. Ukigeuza, ncha za bolti zitakwaruza mkanda siku springi za nyuma zitakapojikunja kabisa kwenye tuta. Nati ni zile zenye plastiki ndani, zimekazwa Nm 20. Chuma kikigusana na alumini penye maji ya chumvi, alumini huliwa, na barabara za Minnesota humwagiwa chumvi majira yote ya baridi. Kwa hiyo kipande kimepakwa rangi, na kati ya metali hizo mbili kuna grisi.

Urefu wa ndoano ulipimwa dereva akiwa amekaa, maana mashine hushuka akikalia kiti. Nondo ya kuvutia, yaani chuma kinachounganisha sleji na ndoano, inapaswa kulala sawa au kupanda kidogo kuelekea kwenye mashine. Ikipanda sana, pua ya sleji inanyanyuka na mkia unalima theluji. Ikishuka, pua inazama.

Desemba: nondo ya kuvutia

Kamba haifai hata kidogo. Ukifunga breki juu ya barafu, sleji haisimami. Inakuja na kugonga mkanda au miguu ya aliyekaa nyuma. Nondo ngumu yenye umbo la V, urefu mita 1.2, inaizuia isikaribie na bado inaacha nafasi ya kukata kona bila pua kugusa bampa. Ndani ya nondo kuna springi ya kupunguza mgutuko wa kuanza. Kwenye sleji, bolti zimewekwa chini karibu na sakafu, na washa pana (vibamba vya duara vya kutandaza nguvu ya bolti) pande zote mbili, kwa sababu plastiki kwenye baridi kali hupasuka kuanzia kwenye tundu.

Ndoano yenye kufuli la springi ni nzuri hadi maji yaingie na kuganda. Pini ya mm 16 yenye kotapini (kipini kidogo cha kuizuia isichomoke) hufunguka hata ukiwa umevaa glavu nene, nayo ndiyo iliyochaguliwa.

Januari: barafuni

Idara ya maliasili ya Minnesota inashauri inchi 5 hadi 7 za barafu safi mpya kwa pikipiki ya theluji. Barafu nyeupe ni dhaifu zaidi, inahitaji unene maradufu.

Sleji iliyoachwa juu ya theluji yenye maji huganda na kushikamana na barafu. Ukiivuta kwa kuongeza mafuta, kinachoachia kwanza ni beliti (inayopeleka nguvu ya injini kwenye mkanda) au bolti. Iegeshwe juu ya vipande viwili vya mbao, na kabla ya kuondoka isukumwe kwa ubavu hadi ilegee. Baada ya safari ya kwanza nati zote zilikazwa upya: grisi na rangi hujibana, na mkazo hupungua.

Kilichobaki kufungwa ni vikwaruzo vya barafu, yaani vyuma vinavyokwaruza barafu ili vipande vyake virushwe na kupoza, kwenye reli ambazo mkanda huteleza juu yake. Upepo wa Mille Lacs hufagia theluji na kuacha barafu tupu. Hapo rejeta haipati cha kuipoza na plastiki za reli huyeyuka, na mashine yenye mzigo hufika hatua hiyo mapema zaidi.