Kichwa Chake Kiko Wapi?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tulikuwa tuendelee na Yakobo pale tulipoishia, kwenye ulimi na lijamu. Nimeshindwa. Kuna jambo limenikaba tangu Jumanne, na nikiwaficha nitakuwa naandika tafakari huku nimefumba macho.

Mama yangu amekuja kutoka Bahi kutolewa mtoto wa jicho. Kwa muda mrefu alikuwa anaona ukungu tu, watu anawajua kwa sauti na kwa mwendo. Jumatatu wakamfanyia jicho la kulia, Jumanne asubuhi wakambandua plasta. Alikaa kwenye benchi la hospitali akawa anacheka peke yake. Kisha akanigeukia: "Kumbe nawe una mvi."

Tukapanda bajaji kurudi nyumbani Nkuhungu, hapa Dodoma. Njia nzima mama alikuwa anaisoma dunia. Khanga ya yule, rangi ya geti lile, ghorofa ambayo mara ya mwisho alipopita palikuwa na mbuyu. Tulipofika Kizota foleni ikatushika nyuma ya lori, mbele ya duka moja la tairi. Juu ya duka kuna bango. Mama akalitazama, akalitazama, halafu akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Baba Neema, yule mwanamke kichwa chake kiko wapi?"

Dereva wa bajaji akaangua kicheko. Mimi nikajibu kwamba labda nafasi haikutosha.

"Mbona tairi limetosha?"

Sikujibu. Lori likasogea, tukaenda.

Sasa nawaambieni ambacho sikumwambia mama. Bango lile nimelitengeneza mimi.

Wengi mnaijua kazi yangu: vitambulisho, kadi za harusi, mabango, hata lile la mkutano wa injili la mwaka jana lilitoka kwenye mashine yangu. Mteja alikuja akasema, "Fundi, nataka bango lenye mvuto. Niwekee mtoto mkali." Nikaingia intaneti, nikapata picha ya dada mmoja amevaa nguo ya kuogelea, ameinama kidogo. Simjui jina, nchi yake siijui, wala sikumwomba ruhusa. Nikamtoa ufukweni nikamkalisha juu ya tairi la lori. Mteja amesimama nyuma ya kiti changu. "Ongeza hapa kidogo." Nikaongeza nyonga. "Hapa punguza." Nikapunguza kiuno. Tukafika kwenye namba za simu. Zilikuwa tatu, naye anataka mtu aliyeko ndani ya gari linalokimbia azisome zote. Nafasi hakuna. Nikaisukuma picha juu, namba zikakaa vizuri, kichwa kikatoka nje ya ukingo. Hatukujadiliana hata kidogo. Hakuna aliyesema tulipunguze tairi. Mita nne kwa mbili, laki moja na ishirini, na fungu la kumi nililitoa humo humo.

Tangu Jumanne nimekuwa najitetea moyoni. Kwamba picha haimuumizi mtu. Kwamba ningekataa angekwenda duka la pili. Kwamba hakuna aliyewahi kulalamika. Hili la mwisho ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu ni kweli. Hakuna aliyelalamika. Wapendwa wangapi wa kanisa letu hupita Kizota kila siku?

Mwaka 2015 huko London kulipandishwa tangazo la unga wa kupunguza mwili, mwanamke kavaa bikini, anawauliza abiria kama miili yao iko tayari kwa ufukwe. Watu maelfu walitia saini kulipinga. Mamlaka inayosimamia matangazo huko ikalichunguza, ikaamua kwamba picha si ya kuudhi. Ikalizuia kwa sababu ya madai yake juu ya kupunguza uzito. Mwaka uliofuata meya Sadiq Khan akaja na lake, akatangaza kwamba matangazo ya kuwatia watu aibu kwa miili yao hayatawekwa tena kwenye usafiri wa jiji. Naielewa ile mamlaka. Ukiuliza kama picha inaudhi, lazima umtafute aliyeudhika, na asipopatikana, kesi imekwisha. Lakini sisi tunalo neno jingine, kudhalilisha. Mtu anaweza kudhalilishwa na wote waliopo wakafurahi. Anaweza kudhalilishwa hata yeye mwenyewe hayupo. Yule dada hajui kwamba yuko Kizota, hajui kwamba hana kichwa.

Nikaifungua Biblia usiku ule nikitafuta Mathayo 5, ile tunayoijua sote, amtazamaye mwanamke kwa kumtamani. Lakini vidole vikanipeleka kwa Esta, sura ya kwanza, na pale ndipo nilipokaa wiki nzima.

Tumezoea kuiruka ile sura ili tumfikie Esta mwenyewe. Turudi. Ahasuero, mfalme wa majimbo mia na ishirini na saba, anafanya maonyesho. Siku 180 anawaonyesha wakuu utajiri wa ufalme wake. Halafu karamu ya siku saba bustanini: mapazia, marumaru, vitanda vya dhahabu na fedha, divai bila kizuizi. Siku ya saba, moyo wake ukiwa umechangamka kwa mvinyo, kila kitu alichonacho kimeshaonekana isipokuwa kimoja. Anawatuma matowashi saba wamlete malkia Vashti, amevaa taji, awaonyeshe watu uzuri wake. Mwanamke anakuja mwisho wa orodha, baada ya vikombe.

Vashti akakataa.

Wapendwa, mimi nimekaa kanisani miaka yote hii na nimemsikia Vashti akihubiriwa mara nyingi kama mke mkaidi, onyo kwa wanandoa, hata kwenye send-off. Sijawahi kusikia mhubiri akiuliza mfalme alikuwa anataka nini. Alitaka bango. Alitaka kitu cha kuangaliwa na walevi ili wao wamwone yeye ni mkubwa. Na mimi fundi, nikijipima, sipo kwa Vashti wala kwa mfalme. Mimi ni mmoja wa wale saba waliotumwa kwenda kumleta. Tofauti ni kwamba wa kwangu hakupewa nafasi ya kukataa.

Na angalieni mashauri yaliyofuata. Aliyelewa ni mfalme, lakini sheria ikatungwa juu ya wanawake! Memukani, mmoja wa washauri wa mfalme, anasimama anasema wake wote wa ufalme watawadharau waume zao, barua zinapelekwa kila jimbo. Hakuna barua hata moja iliyoandikwa juu ya mvinyo.

Hapa tujiseme na sisi bila kumung'unya. Sisi ni watoto wa Memukani. Wazee wetu wanakumbuka Operesheni Vijana ya Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipopiga marufuku sketi fupi, mawigi na krimu za kung'arisha ngozi Dar es Salaam kuanzia mwanzo wa 1969. Suruali za kubana za wanaume zilikuwamo pia kwenye marufuku, lakini waliovamiwa kwenye mabasi na mitaani wakachaniwa nguo walikuwa wasichana. Sisemi mavazi si kitu. Nasema hasira yetu inajua njia moja tu. Kila semina ya vijana mabinti wanatolewa pembeni wanafundishwa urefu wa gauni. Wavulana wakati huo wanacheza mpira nje. Tukiona bango kama lile tunatikisa kichwa: "Mabinti wa siku hizi!" Binti gani? Aliyelipia bango ni baba wa watoto wanne. Aliyelichora ni mzee wa kanisa. Wanaoligeukia mpaka pikipiki zao ziyumbe mnawajua.

Ndugu zangu mnaofanya biashara, nawaomba kwa machozi. Tairi lina sifa zake: uimara, bei, dhamana. Nyama choma ina harufu yake, hata bango haihitaji. Ukishindwa kuisifu bidhaa yako mpaka umvue dada wa mtu nguo, unawaambia wateja nini juu ya bidhaa hiyo? Mke wako akipita chini ya bango lako na watoto mkononi, anapita kama nani? Nilimuuliza mama Neema juzi kama aliliona. Akasema aliliona siku ile ile lilipopandishwa. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akaendelea kuchambua mlenda. Baadaye akasema, "Nilijua ni kazi yako. Zile herufi za njano nazijua." Miezi mitatu mke wangu anapita pale, anajua, ananyamaza, ananipakulia.

Nilidhani nimezoea kukemewa. Kukemewa na mlenda sijazoea.

Kijana mmoja wa kwaya nilipomshirikisha haya alinibana: "Mzee, mbona Wimbo Ulio Bora unayasifu hata maziwa ya mwanamke?" Swali zuri, wala tusilikimbie. Mungu haoni haya kwa mwili aliouumba. Lakini kisome kile kitabu: yule mwanamke anaongea. Anaanza yeye, mlango wa kwanza kabisa, anaeleza rangi yake, anamtafuta mpendwa wake usiku mitaani, anakataa kufungua, anafungua. Wala hauzwi pamoja na kitu. Nasi Wagogo tusijifanye hatujui mwili. Mmewaona akina mama wakipiga muheme, ngoma zimebanwa mapajani, mabega yanakwenda, jasho linatiririka. Mwili uko pale wote, na hakuna mwenye akili timamu anayesema wamedhalilishwa, kwa sababu ngoma ni yao na uso umeinuliwa, unakutazama nawe. Ukimtazama vibaya anakuona.

Lile bango halikuoni. Nadhani ndiyo maana kichwa kilitoka kirahisi vile. Uso ungetuzuia.

Na macho yangu nisiyasahau. Ayubu alifanya agano na macho yake. Mimi nimekuwa nikisema hayo ni mambo ya vijana wenye simu, mimi naangalia picha kikazi. Uongo. Nilikaa na picha ile saa nzima na nusu, na si yote ilikuwa kazi. Nimetubu mbele za Bwana, nimetubu kwa mke wangu, na leo natubu kwenu. Wazee wenzangu wakiona nipumzike kuhudumu kwa muda, nitaketi nyuma.

Ulimwengu umeshayasema mengi juu ya hili. Mwaka 1995 kule Beijing, kwenye mkutano wa dunia wa wanawake ambao katibu mkuu wake alikuwa Mama Gertrude Mongella wa kwetu, sehemu nzima iliwekwa juu ya wanawake na vyombo vya habari. Kanisa limekuja nyuma. Sawa, tumekuja.

Alhamisi nilikwenda kwa mwenye duka. Nikamwambia nitamtengenezea bango jipya bure, turubai la flex langu, vyuma vyangu, fundi wa kupanda juu nalipa mimi. Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa na jua. "Fundi, umeokoka lini?" Nikamwambia zamani, ndilo tatizo. Akacheka sana. Akasema atafikiria, lakini wateja wanalipenda lile, tena wengine husimama kupiga nalo picha. Nikamwacha na sampuli niliyoichora usiku: tairi, bei, namba zote tatu. Kweli lilionekana pweke kidogo. Nikarudi dukani, mezani kuna oda nyingine imeachwa na mtoto wa kazi, bango la saluni, pembeni wameandika kwa kalamu ya bluu: "aweke mdada, avutie."

Mniombee. Mama anarudi Bahi Jumamosi, jicho la kushoto atakuja kufanyiwa baadaye. Bado sijamwambia, na gari la Bahi linapita pale pale Kizota.