Siku moja korongoni Kihansi: kazi ya kutengeneza manyunyu

Saa 11:30 alfajiri. Kazi yetu ni kumtunza chura wa Kihansi, chura mdogo wa Tanzania anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Kabla ya chai, viatu. Brashi ngumu inatoa tope lote kwenye soli, ndipo viatu vinaingia kwenye beseni la klorini. Tunachanganya lita 2 za Jiki ya asilimia 3.5 na lita 5 za maji, ili nguvu yake iwe karibu asilimia 1. Hapo dakika moja inatosha kuua fangasi wa kitridi, anayeua vyura. Kiatu chenye tope ukikitumbukiza umejisumbua bure, maana klorini inamalizwa na uchafu kabla ya kumfikia fangasi. Huyu huifanya ngozi ya chura kuwa nene, na chura hupata maji na chumvi kwa ngozi. Mwishowe moyo husimama. Vyura wa Kihansi walikaribia 20,000 mwaka 2003, kisha wakaporomoka mwaka huohuo, na fangasi akakutwa kwa waliokufa. Kwa hiyo beseni halirukwi, hata mvua ikinyesha.

Saa 1 asubuhi. Tunashuka. Mto Kihansi unaanguka kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa, na zamani ulimwaga wastani wa mita za ujazo 16 kwa sekunde. Kishindo chake kilirusha manyunyu usiku na mchana. Tangu mitambo ya umeme ya megawati 180 ianze kazi mwaka 1999 na 2000, maji yanayoachiwa korongo hayafiki mita za ujazo 2 kwa sekunde. Vinyunyizi vilifungwa 2001 kuziba pengo hilo.

Saa 2. Chujio la juu. Maji yanashuka kwa mteremko wenyewe, hakuna pampu, kwa hiyo majani yakiziba mdomo wa bomba, huko chini kote kunakauka. Baada ya mvua kubwa shida ni mchanga: usioshe tu wavu, fungua pia koki ya mwisho wa bomba mpaka maji yatoke meupe.

Saa 3 hadi saa 6. Nozeli, yaani vichwa vya vinyunyizi vyenye tundu dogo la maji, moja baada ya nyingine. Hapa ndipo siku inapoliwa. Nozeli nzima hutoa ukungu unaoelea na kulowesha uso wako bila kuuhisi ukidondoka. Ukiona mshale wa maji upande mmoja, tundu limeziba nusu. Ukiona matone makubwa, ama presha imeshuka ama tundu limelika. Matone hayo huchimba udongo badala ya kulowesha majani. Funga koki ya tawi, fungua nozeli, sugua kwa brashi laini ya meno, ipulize kinyume. Usichokoe kwa waya kamwe: tundu likipanuka haliponi, nozeli hiyo ni ya kutupa. Ikiwa tawi zima linakohoa, kuna hewa bombani. Legeza kifuniko cha sehemu ya juu kabisa mpaka maji yatoke mfululizo.

Saa 7. Chakula, juu ya mwamba mkavu.

Saa 8. Kuhesabu. Tunapita ndani ya viboksi vya kamba, yaani maeneo madogo tuliyoyazungushia kamba ili tuhesabu vyura waliomo, taratibu, tukikanyaga mawe tu. Jike halizidi sentimita 3, na huzaa vitoto hai, bila viluwiluwi, kila kimoja kama milimita 5. Mguu mmoja kwenye zulia la kijani unaweza kuua familia nzima. Makazi yote ya asili ya chura huyu yalikuwa kama hekta 2, duniani hakuna pengine. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Waliorudishwa kuanzia 2012 ni uzao wa vyura 499 waliopelekwa Marekani mwishoni mwa 2000.

Saa 10. Magugu. Pembezoni, manyunyu yasikofika, mimea ya nchi kavu huingia kwanza. Ng'oa kwa mkono, na usogeze nozeli upande huo, la sivyo yatarudi.

Saa 11:30 jioni. Viatu tena, kwa dawa mpya, maana klorini ya asubuhi imeshapoteza nguvu. Ya zamani inamwagwa kwenye shimo, mbali na mto.