Mtoto Alikuwa Anaongezeka Uzito

Kila nilipompeleka mtoto wangu wa pili kliniki, kadi yake ilikuwa nzuri ya kuonyesha watu. Mstari ulipanda ndani ya kijani wiki ya sita, ukapanda tena wiki ya kumi. Kina mama tuliokaa nao kwenye benchi walimshika mashavu, wakanipa hongera kwa kunyonyesha vizuri. Nikatabasamu. Usiku wa kuamkia siku hiyo ya wiki ya kumi nilikuwa nimekaa sakafuni mpaka adhana ya alfajiri, mtoto analia kitandani, mimi nimeziba masikio kwa kanga.

Kwetu mtoto akikonda, mama huulizwa maswali mengi, na haichukui muda ataambiwa amembemenda mwanawe. Mtoto akinenepa hakuna anayeuliza kitu. Kwa hiyo nilikaa miezi mitatu na nusu naugua sonona ya baada ya kujifungua mbele ya watu, bila kujua jina lake, kila mtu akiona mashavu ya mtoto.

Nirudi nyuma kidogo. Mtoto wa kwanza nilimzalia Pangani kwa mama yangu. Ndiyo desturi yetu, mimba ya kwanza binti anarudi kwao. Siku arobaini sikugusa ndoo. Shangazi alikuja asubuhi na jioni kunikanda kwa maji ya moto, binamu zangu wakafua, mama akanipikia uji wenye pilipili manga hadi jasho linanitoka. Usiku mtoto akilia, mama ndiye aliyeamka. Aliniletea nimnyonyeshe, akishiba anaondoka naye. Wakati ule niliona wananibana, mara usitoke kichwa wazi, mara usikae kwenye upepo. Sikuelewa kwamba nilikuwa naangaliwa kama mgonjwa anavyoangaliwa, na kwamba ndiyo sababu nilitoka kwenye ile arobaini nikiwa mzima.

Wa pili nilimzalia Dar es Salaam, tukiwa tumepanga chumba na sebule Mbagala. Miguu ya mama ilikuwa imeshamchosha, hakuweza safari. Akanipigia simu: "Wewe sasa ni mzoefu, mwanangu." Na kila mtu alisema hivyo hivyo. Siku ya tatu walikuja wageni na sabuni, beseni na vitenge, wakanywa soda, wakambeba mtoto, wakaaga. Siku ya tisa mume wangu akaingia barabarani. Ni dereva wa lori la kwenda Lubumbashi, na safari yake hupimwa kwa foleni za Tunduma na Kasumbalesa, si kwa kilomita. Nikabaki na kichanga, na mkubwa wa miaka minne, na cherehani.

Cherehani ndiyo iliyonimaliza. Ilikuwa Januari, msimu wa sare za shule, na wateja walikuwa wameshalipa nusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba anapata siku 3. Mimi nimejiajiri, kwa hiyo siku zangu zilikuwa zile nilizoweza kujipa. Nilijipa 20.

Watu wanadhani ugonjwa huu ni kulia. Mimi sikulia. Kwangu ulianza kwa usingizi kukatika: mtoto amelala, mkubwa amelala, nimechoka hadi mifupa, na macho yako wazi nikihesabu saa hadi atakapoamka. Baadaye ikaja hasira. Kisha ikaja hali ambayo bado naona uzito kuisema. Nilikuwa namwogesha mtoto kama mtu anayeosha chombo. Nilijua ni wangu, nilijua nampenda, lakini lile pendo sikulipata pale nilipolizoea, kama mtu anayepapasa swichi gizani kwenye nyumba yake mwenyewe na haikuti.

Siku moja mkubwa alimwaga uji kwenye kitambaa cha mteja. Nilimsukuma. Akaangukia mlango, akanitazama, hakulia. Alisema, "Samahani mama, sitarudia." Mtoto wa miaka minne. Usiku ule nikaanza kuwaza kwamba watoto hawa wangepata mama mwingine wangekuwa na nafuu. Nikawaza kuwaacha kwa jirani nipande basi lolote. Siku chache baadaye wazo likawa kulala nisiamke.

Mama mkwe aliponisikia kwenye simu sauti imebadilika, alisema nimepata jicho, akanitumia kombe kwa mtu aliyekuwa anakuja mjini. Nililinywa, na simlaumu, kwa sababu yeye ndiye mtu wa kwanza aliyesikia kwamba kuna kitu. Dua naiamini mpaka leo. Ila baada ya kombe bado nilikuwa peke yangu na watoto wawili na sare kumi na moja.

Wiki ya kumi na nne, siku ya chanjo, nesi alimpima mtoto, akaandika, akafunga kadi. Badala ya kunirudishia, akaishika.

"Na wewe mama, unalala?"

"Mtoto anaamka sana," nikajibu.

"Sijamuuliza mtoto. Yeye akilala, wewe unalala?"

Hapo ndipo nililia, mbele ya foleni nzima. Alinipeleka chumba cha nyuma, akafunga mlango, akanisikiliza huku wenzake wakigonga. Akaniandikia niende kliniki ya afya ya akili, hospitali ya rufaa.

Sikwenda. Nilikaa na ile karatasi siku sita chini ya godoro. Huku kwetu ukitaja afya ya akili, mtu anakumbuka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na "wa Mirembe" ni tusi. Niliogopa kwamba nikionekana mlango ule, wateja wataondoka na ndugu wa mume watawachukua watoto. Kama kuna mama anasoma haya naye ana karatasi chini ya godoro, nakwambia watoto hawakuchukuliwa na wateja hawakuondoka. Siku sita zile ndizo zilizokuwa na hatari kuliko zote.

Siku ya saba nilimpigia mume wangu. Nilikuwa nimeshajaribu mara mbili nikaishia kumuuliza habari za safari. Safari hii nilisema moja kwa moja, "Baba watoto, siko sawa."

"Unataka nikutumie hela?" Kwa sababu simu zangu kwa kawaida zilikuwa za hela.

"Sitaki hela. Naogopa kukaa peke yangu na watoto."

Alinyamaza. Nyuma yake nilisikia malori yakinguruma, alikuwa amekwama Tunduma. Hakuweza kuacha mzigo wa watu mpakani. Lakini jioni ya kesho yake wifi yangu alishuka kwenye basi kutoka Morogoro na begi dogo, akaniambia, "Kaka kasema nisikuulize kitu, nishike watoto tu." Asubuhi yake nikaenda hospitali.

Daktari aliniuliza maswali kumi kuhusu siku saba zilizopita. La kwanza lilikuwa kama bado naweza kucheka, la mwisho kama nimewahi kuwaza kujidhuru. Baadaye nilijua maswali hayo yalitungwa Uskochi mwaka 1987 na yanatumika nchi nyingi, na kwamba mtu anaweza kuyamaliza kwa dakika chache tu. Dakika hizo zingetosha kunipata wiki ya sita, pale pale wanapopimia watoto. Hili linaniuma hadi leo.

Akaniambia jina lake: sonona baada ya kujifungua. Machozi na mashaka ya siku za mwanzo huwapata wazazi wengi na huisha yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Yakipita hapo na yakazidi, huo ni ugonjwa, na unatibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huko kwenye nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Alinitahadharisha pia na aina nyingine, ile wazee wanaiita kichaa cha uzazi. Mama anasikia sauti, au anaamini mambo yasiyokuwepo, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Hiyo, pamoja na wazo lolote la kujidhuru au kumdhuru mtoto, haisubiri tarehe ya kliniki. Ni hospitali siku hiyo hiyo, na mama asiachwe peke yake hata dakika moja.

Nilipewa dawa ambayo daktari aliichagua akijua nanyonyesha, na nikapangiwa mazungumzo na mshauri kila baada ya wiki mbili. Dawa haikunishika kesho yake. Wiki ya kwanza nilisikia kichefuchefu tu, na nilitaka kuiacha. Wiki ya nne nikajikuta namwimbia mtoto wakati namwogesha. Nilinyamaza katikati ya wimbo kwa mshangao.

Lakini agizo la kwanza la mshauri halikuwa la dawa wala maneno. Alitaka nipate saa nne za usingizi usiokatwa, kila usiku. Wifi alimchukua mtoto kuanzia saa mbili hadi saa sita usiku, kwenye sebule. Nilikamua maziwa kabla ya kulala, naye akamnywesha kwa kikombe. Usiku wa tatu nililala kweli.

Wifi alikaa mwezi, akarudi kwa wanawe. Nilirudi kuogopa. Chumba cha mwisho uani anakaa bibi mmoja anayeuza vitumbua. Siku aliyoondoka wifi, bibi huyo alinigongea mlango saa nne asubuhi, akishamaliza biashara.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Lete mjukuu wangu, ukalale. Usifue. Nikikuona unafua namrudisha."

Alikuja kila siku kwa miezi miwili. Siku nisipopata usingizi nilikaa naye kibarazani, nikasema yaliyonijaa, naye akachambua mchele na kuitikia. Hakunipa ushauri hata mara moja mpaka nilipomuuliza. Mshauri wangu nilipomsimulia, aliniambia kwamba Zimbabwe wamefanya hivyo kuwa huduma. Daktari Dixon Chibanda alianza Harare mwaka 2006 kwa kuwafundisha mabibi wa mitaani kukaa benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa. Kwa Kishona ugonjwa wenyewe wanauita *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi. Neno hilo nililielewa kabla hajalifafanua.

Nilipopata nguvu nikalipeleka jambo hili kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa. Tuko wanawake 23. Nilisimama nikaeleza yote, hata lile la kumsukuma mwanangu. Kukawa kimya, halafu mmoja akasema yake ya mwaka aliozaa pacha, mwingine akasema yake. Nikahesabu wanne kabla ya chai.

Tukaanzisha mchezo, kama ule wa fedha, ila tunachangiana siku. Mwanachama akijifungua, wengine 22 kila mmoja anampa nusu siku mbili ndani ya arobaini yake, kwa zamu iliyoandikwa kwenye daftari la katibu. Anayekwenda hapewi soda wala hakai sebuleni. Anamchukua mtoto, au anafua, au anampeleka mkubwa shule, kile anachotaka mama. Kitu cha kwanza akifika anauliza kuhusu mama, ndipo amtazame mtoto. Tulibishana sana. Wenye genge walisema nusu siku ni hasara, wakataka watoe pesa. Tulikataa, kisha tukaona tunawaonea. Sasa anayeshindwa kabisa anamlipa mtu wa kufua, lakini zamu moja kati ya mbili lazima aje mwenyewe.

Mume wangu akiwa nyumbani sasa usiku ni wake. Hilo halikuja kwa urahisi, na tulilipangia maneno magumu mawili matatu. Ila nilimsikia kwenye simu akimwambia dereva mwenzake ambaye mkewe yuko karibu kujifungua: "Kabla hujaondoka, hakikisha kuna mtu wa usiku."

Jumanne iliyopita ilikuwa zamu yangu, kwa mwenzetu mwenye kichanga cha siku kumi na nane. Nilimkuta kasimama na beseni la nguo, macho mekundu. Nikamuuliza kama analala. Akasema mtoto anaamka sana. Nikapokea beseni, nikampokea na mtoto, nikarudia swali. Alikaa kitandani kabla ya kujibu. Nilipoanua nguo saa tisa alikuwa bado amelala, na sikumwamsha kumuaga.