Konrodi Ilikatika Mteremkoni

"Ulipakia magunia mangapi?" Mafundi walioiona pikipiki yangu walianza na swali hilo, na nilipojibu kwamba sikubeba hata kilo moja walitazamana, kana kwamba mwalimu anaficha jambo.

Ilikuwa 2014, miezi ya baridi. Nilikuwa nafundisha fizikia sekondari moja upande wa Isyonje, mkoani Mbeya, na kukaa Uyole, kwa hiyo asubuhi napanda, jioni nashuka. Pikipiki ilikuwa ya Kichina, cc 125, injini yake ya ukoo wa Honda CG, ile iliyotoka mwaka 1976 na ambayo Wachina wameinakili mpaka leo. Niliinunua mkononi kwa mtu. Ilipoanza kula oili nikaipeleka gereji moja mjini, wakaifanyia ovaholi: silinda ikachongwa, pistoni mpya, ringi mpya, valvu zikasagwa. Konrodi, ile fimbo ya chuma inayounganisha pistoni na kranki, mhimili unaozunguka chini ya injini, wakasema bado nzima, wakairudisha ileile. Ilipotoka huko ilikuwa inavuta vizuri mno, nikawa nawapita bodaboda wenye abiria mmoja na kujiona dereva.

Jioni hiyo nilikuwa nateremka kuelekea Igawilo. Lami ilikuwa kavu, ukungu tumeuacha juu. Nikafunga mafuta, nikashusha gia moja ili injini inishikie mwendo. Ikalia kwa sauti ya juu, halafu ukatoka mlio mmoja mkavu, tah! Gurudumu la nyuma likataka kusimama. Nikabana klachi. Naamini klachi ndiyo iliyookoa kasha la injini, maana konrodi ikikatika huku gurudumu linaendelea kuizungusha, mara nyingi hutoboa kasha na oili yote ikaishia barabarani. Yangu haikudondosha tone. Nikaserereka hivyohivyo hadi Igawilo, nikapiga kiki. Ikashuka kirahisi bila ubishi wowote, na ndani kukasikika ko, ko.

Pale kijiweni hukumu zilitoka haraka. Mmoja akasema valvu imepinda. Mwingine akasema cheni ya taimingi imekatika, nami huyu nilimpuuza palepale, kwa sababu CG haina cheni hiyo: kemshafti yake, mhimili unaofungua valvu, iko chini, inazungushwa na gia, na valvu zinasukumwa na fimbo mbili ndefu. Wa tatu alikuwa ameshashika spana ya kufungulia silinda hedi. Nikamwomba aiweke chini.

Kesho yake Canter ya viazi ilinishusha Soweto, kwa mzee mmoja ambaye gereji yake ilikuwa banda la mabati lisilo na hata kibao. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye pikipiki. Nilipomwambia afungue tu tuone, akakataa.

"Mwalimu, nikifungua kabla sijajua, nitakuta vipande. Vipande havisemi nani alianza."

Akatoa plagi, akaiegemeza kwenye chuma, akapiga kiki. Cheche ya bluu. Basi sumaku inayozalisha cheche inazunguka, na sumaku hiyo iko kwenye kranki, kwa hiyo kranki nayo inazunguka. Akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, akapiga tena: hakuna upepo uliomsukuma. Akafungua kava la roka, vile vyuma vinavyobonyeza valvu. Roka zote mbili zilikuwa zinacheza sawasawa, moja baada ya nyingine, kwa hiyo kemshafti na fimbo zake havikuwa na hatia.

Hapo mimi ningesema valvu haizibi, au pistoni imetoboka. Mzee akachomoa kijiti kwenye fagio la chelewa, akakitumbukiza taratibu kwenye tundu la plagi mpaka kikagusa pistoni. Akasimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, akaweka gia ya juu kabisa, akaniambia nizungushe gurudumu la nyuma kwa mkono, polepole. Pistoni iliyotoboka bado inapanda na kushuka, na kijiti kingepanda na kushuka nayo. Hiki hakikutikisika. Pistoni ilikuwa imekaa juu kabisa, ringi zimeishikilia, na huku chini kranki inazunguka peke yake.

Kishindo nacho alikihesabia. Valvu ya kuingiza hufunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki. Akaniambia niitazame roka yake huku nasikiliza. Kila ilipobonyea mara moja, kishindo kilipiga mara mbili. "Basi kinachogonga kiko kwenye kranki," akasema, "si kwenye valvu."

Zikabaki njia mbili: ama pistoni imechanika pale inaposhikwa na pini, ama konrodi imekatika. Akamwaga oili kwenye beseni kupitia kitambaa cheupe. Vikabaki vipande vidogo vyenye ncha. Akachukua sumaku ya spika mbovu, akaipitisha juu yake, vikarukia karibu vyote. Pistoni ni ya aluminiamu na sumaku haiishiki. Konrodi ni chuma.

"Imekatikia juu, karibu na pini," akasema. "Ingekatikia chini, kipande kirefu kingekuwa kinaning'inia kwenye pistoni, na kranki isingezunguka hivi."

Ndipo akafungua. Ilikuwa imekatika chini kidogo ya jicho dogo, tundu la juu linalopitisha pini ya pistoni. Kisiki chake kilikuwa kinapanda ndani ya silinda na kuigonga pistoni kwa chini kila mzunguko.

Sehemu niliyokaa nayo muda mrefu ni pale ilipokatikia. Robo tatu ya uso wa chuma ilikuwa laini, nyeusi, na mistari myembamba iliyopinda ikifuatana kutoka pembeni kwenda ndani. Robo iliyobaki ilikuwa na chembechembe, inang'aa, mpya. Mistari ile yote ilianzia kwenye kovu moja la nje, jino la spana ya bomba. Mtu aliibana konrodi kwa spana ya bomba wakati wa ovaholi, labda pini ilikuwa inakataa kutoka, na ufa ukaanza hapo. Ulikuwa unakua kila nilipokuwa nawapita wale bodaboda.

Lakini kwa nini mteremkoni, bila mzigo? Nilikwenda kukokotoa nyumbani, nyuma ya daftari la maandalio. Ukipanda mlima, mlipuko unaisukuma pistoni chini na konrodi inakandamizwa, na chuma huvumilia sana kukandamizwa hata kikiwa na ufa. Kinachoufungua ufa ni kuvutwa. Pistoni ikifika juu mwisho wa kutoa moshi, hakuna mlipuko wa kuipokea, konrodi peke yake inaisimamisha na kuirudisha chini. Mwendo wa pistoni wa injini hii ni milimita 49.5. Kwa mizunguko 8,000 kwa dakika, pistoni ya gramu 150 inaivuta konrodi kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 300, yaani magunia matatu ya viazi, na nazungumzia gunia la haki, si lumbesa. Mizunguko ikiongezeka maradufu, mvuto unakuwa mara nne. Mafuta yakiwa yamefungwa, silinda inanyonya na kuongeza juu yake. Magunia ya bodaboda hayaingii kwenye hesabu hiyo hata kidogo.

Nilimpelekea mzee daftari. Akasoma namba, akasema ndaga, asante ya Kinyakyusa, akarudi kwenye presi alikokuwa anatoa pini ya kranki. Konrodi mpya iliingia pamoja na pini yake na beringi yake. Kulinganisha kranki isiyumbe kulimchukua muda kuliko kazi nyingine zote, anazungusha, anatazama saa ya kupimia, anagonga kidogo kwa nyundo ya shaba, anazungusha tena. Hakutaka kuongeleshwa.

Niliiuza pikipiki hiyo 2017 kwa kijana wa Tukuyu. Alinipigia simu baadaye kulalamika, na malalamiko yalikuwa ya kabureta.