Simu na cherehani: jinsi nilivyotatua

Nashona nguo Ngamiani, Tanga. Oda nyingi huja kwa simu, na kila ikilia nilikuwa naacha cherehani. Nikirudi, kipimo cha mkono nimeshakisahau. Gauni la siku moja likawa la siku tatu. Iliniuma, maana mteja ananiamini na kitenge chake.

Sasa simu naizima sauti, naifungia kwenye droo ya nyuzi. Natega saa ya mezani dakika 25, nashona tu, kisha napumzika 5. Mtindo huu aliuanzisha Mwitaliano Francesco Cirillo miaka ya 1980. Kwenye kukata naweka 50, kwani mkasi ukikatizwa njiani kitambaa kinakwenda upande. Vipimo naandika kwenye kaunta buku. Meseji najibu saa sita mchana na saa kumi na moja jioni.

Gauni la harusi la juzi lilitoka siku moja kabla.