Railay: nilivyojifunza kuachia mwamba kabla ya kuupanda

Nilikwenda Railay kwa ajili ya bahari. Nilitaka siku saba za kulala mchangani, kuogelea asubuhi na jioni, na kusoma vitabu viwili nilivyokuwa navyo mwaka mzima bila kuvifungua. Mdogo wangu ndiye aliyechagua mahali, na habari za majabali alinipa tukiwa tayari ndani ya mashua.

Railay ni rasi ndogo katika mkoa wa Krabi, kusini mwa Thailand. Haikuzungukwa na maji pande zote, lakini kuta za chokaa zimeitenga na bara kiasi kwamba hakuna barabara ya kuingilia. Ukitoka Ao Nang, mji wa pwani ulio jirani, unapanda mashua ya mkia mrefu (ya mbao, yenye injini na mhimili mrefu nyuma), dakika kama 15 hivi, kisha unajitosa majini hadi magotini na begi begani. Tulipokaribia ufuo nilinyanyua macho nikaona kuta hizo zimesimama wima kutoka baharini, nyeupe na za rangi ya kutu, na mawe marefu yakining'inia kama nta iliyoyeyuka ikaganda. Kisha nikaona nukta nyekundu katikati ya ukuta, ikisogea. Ilikuwa helmeti ya mtu.

"Dada," mdogo wangu akasema, "pale ndipo ninapotaka twende."

Nikamwambia nitakwenda kumtazama, basi.

Miaka minne kabla ya safari ile nilianguka kutoka kwenye ngazi nikibadilisha taa. Haikufika hata mita 2.5, lakini nilivunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Mfupa uliunga vizuri. Ila tangu siku hiyo, nikisimama popote palipo juu, viganja vinalowa jasho, na mwili unakumbuka ule muda mfupi ambao hakuna kitu chochote kilichokuwa kinanishika. Sikuwahi kuuita ugonjwa. Niliishi nao kwa kukaa chini, nikiwaomba wengine wapande badala yangu.

Siku mbili za kwanza nilikaa Railay Mashariki nikitazama. Upande huo haufai sana kwa kuogelea: maji yakipwa hubaki tope na mizizi ya mikoko, na mashua hukwama mbali. Lakini mwisho wake wa kusini kuna ukuta uitwao 1-2-3 Wall, ambapo shule za kupanda huwaleta wanaoanza. Unatazama mashariki, hivyo jua huuchoma asubuhi na kivuli hufika baada ya adhuhuri. Atakayekwenda naye achague mchana. Nilimwona mtoto wa miaka kama tisa akipanda, na mzee mwenye mvi akishuka huku anacheka. Nilimwona pia mwanamke wa rika langu akilia katikati ya ukuta, akashushwa taratibu, akanywa maji, akapanda tena. Huyo ndiye aliyenifanya niinuke nikaanze kuuliza maswali.

Mimi siwezi kutulia mpaka nijue kitu kinashikiliwa na nini. Mwalimu wa mdogo wangu, kijana wa pale pale mwenye mikono iliyojaa makovu madogo, alinijibu swali moja baada ya jingine bila kuchoka. Kamba ya mwanafunzi, alieleza, hupita juu. Inatoka kiunoni mwako, inakwenda hadi kwenye pete zilizo kileleni mwa njia, inarudi chini kwa mtu anayeishika. Kadiri unavyopanda yeye anavuta ulegevu, kwa hiyo ukiteleza huanguki umbali wowote wa maana. Unakaa tu kwenye kamba. Anayeshika hategemei nguvu za mikono. Kamba yake inapita kwenye kifaa cha kuibana, na akiivuta kuelekea chini inakwama.

Na vile vyuma vilivyo mwambani je? Hapo alieleza jambo lililonituliza kuliko mengine yote, kwa sababu hakunificha kitu. Wapandaji walianza kuja Railay mwishoni mwa miaka ya 1980, na vyuma vya mwanzo, hata vile vinavyosifiwa kwamba havishiki kutu, viliharibiwa na hewa ya chumvi na kemikali za chokaa. Vilipasuka kwa ndani huku kwa nje vikionekana vizima. Ndiyo maana baadaye watu wakaanza kuweka vya titaniamu, vilivyogundishwa ndani ya matundu yaliyotobolewa. Alinionyesha kimoja kilichokuwa karibu na usawa wa kichwa changu. Nilikishika, nikakivuta kwa uzito wangu wote. Hakikutikisika.

Nikamwuliza bei. Nusu siku ilikuwa baht 1,000 kwa mtu, pamoja na viatu, helmeti, mkanda na kamba. Nikalipa kabla sijabadili mawazo.

Viatu vya kupandia vinabana mpaka vidole vinajikunja. Ndivyo vinavyotakiwa, ili ncha ya mguu ifanye kazi kama kidole kimoja kigumu. Mkanda unakaa kiunoni na kuzunguka mapaja, na kifungo chake lazima kikazwe juu ya mifupa ya nyonga. Nilivua pete zangu zote. Mwalimu alilisisitiza hilo, kwani pete ikinasa kwenye ufa wa mwamba huku uzito unashuka, inaweza kung'oa kidole. Kisha akanifundisha fundo la nane. Unachora nane kwa kamba, unaupitisha mwisho wake kwenye mkanda, halafu unaufuata mchoro ule ule kurudi nyuma hadi kila mstari uwe na mwenzake sambamba. Nililifunga na kulifungua mara tano. Kabla ya kupanda, mpandaji hukagua kifaa cha mshika kamba, na mshika kamba hukagua fundo la mpandaji, kwa macho na kwa mkono, kila mara, hata kama mmefanya hivyo dakika kumi zilizopita. Ningekuwa na uwezo, ningeitoa desturi hii huko kwenye majabali nikaipeleka kwenye kila kazi ya hatari.

Jaribio la kwanza lilikuwa kwenye njia ya daraja la 5. Hapo hutumia hesabu ya Kifaransa ya kupima ugumu wa njia, ambayo kwa wapandaji hodari kabisa duniani imefika 9c, kwa hiyo 5 ni mahali pa kujifunzia. Mita tatu za kwanza zilikuwa kama kupanda ngazi mbovu. Kwenye mita ya nne mguu wa kulia ukaanza kutetemeka juu chini kama sindano ya cherehani. Niliukumbatia mwamba. Mikono ilivimba, pumzi ikakatika, na nikasikia mtu wa kundi jingine chini akinipigia kelele, "Usiangalie chini!" Najua alikusudia mema. Ila ushauri ule ni mbaya. Usipotazama chini huoni pa kukanyaga, na asiyeona pa kukanyaga atajining'iniza kwa mikono mpaka ichoke. Nikaomba nishushwe.

Nilikaa kwenye jiwe, nimekasirika. Nilitaka kufungua mkanda. Mwalimu akachuchumaa mbele yangu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: ninaogopa kupanda, au ninaogopa kuachia?

Nilifikiri kidogo. Nikamwambia, kuachia.

Basi tusipande, akasema. Tuachie.

Alichonifanyisha baada ya hapo ndicho kilichonisaidia, na ndicho ninachotaka msomaji mwenye hofu kama yangu akibebe. Nilipanda hadi miguu yangu ikawa mita moja tu kutoka ardhini. Akaikaza kamba. Akaniambia niketi, kama anayekaa kwenye kiti, kisha niachie mkono mmoja, halafu wa pili. Nilichukua dakika nzima kuachia ule wa pili. Kamba ilinyooka kidogo, ikanipokea, nikabaki nimekaa hewani, magoti yakiwa mbele ya mwamba. Nikarudi nikashika. Nikaachia tena. Mara ya tano nilitoka mita mbili. Baadaye mita tatu, na sasa bila yeye kuikaza kamba kwanza, ili nihisi ule mshuko mfupi kabla ya kushikwa. Mshuko huo ndio mwili wangu ulikuwa unaukumbuka tangu siku ya ngazi, isipokuwa safari hii ulikuwa na mwisho tofauti. Tulirudia labda mara kumi na tano. Saa nzima ilipita na sikuwa nimepita urefu wa mlango na nusu. Mwalimu hakunihimiza hata mara moja.

Jioni ile nililala na maumivu mikononi, na vidole vimechubuka, kwani chokaa ya Railay mahali pengine inakata kama kisu na mahali pengine imesuguliwa na mikono ya maelfu ya watu hadi inateleza. Mdogo wangu alikuwa akiongea juu ya kupanda bila kamba kwenye magenge yaliyo juu ya kina kirefu, ambako ukianguka unaangukia baharini. Watu hupelekwa huko kwa mashua, na lazima wajue saa za maji kujaa. Hilo nilimwachia yeye.

Kesho yake niliomba njia ile ile. Kabla ya kuondoka ardhini nilijaribu kamba kwa kuketi mara tatu. Kisha nikaanza, na nikaona tofauti iliyokuwepo miguuni. Jana nilikuwa nikitafuta kitu cha kushika. Leo nilikuwa nikitafuta mahali pa kusimama. Mikono niliinyoosha badala ya kuikunja, kwa kuwa mkono ulionyooka unaning'inia kwa mifupa, na uliokunjwa unaishi kwa msuli, nao huchoka upesi. Nilisogeza kiungo kimoja tu kwa wakati, vingine vitatu vimetulia. Kila hatua nilitazama kiatu changu hadi kikae, ndipo nikahamisha uzito. Jasho lilipozidi nilitia mkono kwenye mfuko wa unga mweupe uliokuwa nyuma ya kiuno, nikapuliza. Kupuliza nako ni kazi. Niligundua kwamba nilikuwa nikibana pumzi kila nilipoona hatua ngumu, kwa hiyo nikaanza kuitoa kwa sauti, kama mtu anayezima mshumaa.

Mahali pagumu palikuwa chini kidogo ya kilele. Kulikuwa na uvimbe wa jiwe uliosukuma kifua nje, na pa kushika palikuwa upande wa kushoto, mbali kidogo na nilipoweza kufika. Cherehani ikarudi mguuni. Nikamwita mwalimu akaze kamba, nikaketi. Nilikaa hewani, mita kama 18 juu ya ardhi, nikauangalia uvimbe ule kwa utulivu ambao siku iliyotangulia nisingeuamini. Nikaona kumbe karibu na mguu wa kulia kulikuwa na shimo la duara mwambani, saizi ya kikombe, lililofichwa na goti langu mwenyewe. Nikauweka mguu hapo, nikasimama, na mkono ukafika.

Kileleni kuna pete na mnyororo. Niliigusa pete kwa kiganja, nikaacha kiganja hapo. Nikageuka. Maji yalikuwa yamepwa. Mikoko ilionekana kwa juu kama majani ya mboga, mashua zimelalia ubavu kwenye tope, na ng'ambo ya ghuba vilele vingine vya chokaa vilisimama rangi ya bluu. Mwamba niliokuwa nimeushika una umri wa zaidi ya miaka milioni 250, na asili yake ni mabaki ya viumbe wa baharini. Niliona hata umbo la kitu kama konokono karibu na mkono wangu, ingawa siwezi kuapa kwamba lilikuwa konokono.

Kushuka kunataka imani ya aina nyingine. Unaketi, unatanua miguu kwa upana wa mabega, unaegemea nyuma hadi nyayo zikae bapa ukutani, na unatembea kinyumenyume. Mikono haishiki kamba. Niliiweka mapajani nikaona inatetemeka, nikaiacha itetemeke.

Nilipogusa ardhi mdogo wangu hakunikumbatia kwanza. Alikagua fundo langu, kama tulivyofundishwa, kisha ndipo akanikumbatia.

Alasiri iliyofuata mwalimu alinifundisha kushika kamba. Nilifanya mazoezi nusu saa kwenye mti, kisha akasimama nyuma yangu, ameushika mkia wa kamba kama akiba, na mdogo wangu akajifunga upande wa pili. Nikalikagua fundo lake kwa macho, nikalipitisha vidole. Akakagua kifaa changu, akakivuta.

"Dada, uko tayari?"

"Niko tayari. Panda."

Alikwenda upesi kuliko mimi, kama anavyofanya kila kitu. Kwenye ule uvimbe akanyoosha mkono, akakosa. Nilihisi kamba ikinivuta hadi nikasimama kwa vidole vya miguu, mkono wangu wa kulia ukiwa chini kabisa, umefumba. Alikuwa amekaa hewani, akitikisa vidole.

"Umenishika?" akauliza kutoka juu.

"Nimekushika," nikamwambia. "Tazama chini ya goti lako la kulia. Kuna shimo."